Somo la Kumi na Saba

Mjane wa mdogo wangu alishona na kujalidi vitabu vya shule yetu kwa miaka thelathini na mmoja, na katika muda huo walipita walimu wakuu saba bila hata mmoja kujua kwa hakika yuko idara gani. Kwenye orodha ya wafanyakazi aliandikwa chini ya bustani, baadaye chini ya stoo, na miaka miwili ya mwisho, nadhani kwa makosa ya mpiga taipu, chini ya michezo. Wanafunzi walimwita Bi Gundi. Wazazi wao walikuwa wamemwita hivyohivyo walipokuwa na madoa ya wino vidoleni, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kutafuta jina jingine.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu wa ghorofa ya chini, kati ya ngazi na choo cha walimu. Kilikuwa na dirisha moja, meza ndefu iliyogandwa na nta, mashine ya kukatia karatasi yenye mkono mrefu kama mguu wa mtu mzima, na kibanio cha chuma cha kukandamizia vitabu. Kibanio hicho kiliingizwa kabla ukuta wa nne haujajengwa, kwa hiyo hakikuweza kutoka. Alipenda kuwaambia wageni kwamba yeye na kibanio ni wa aina moja.

Mimi nilikuwa mpanga herufi za madini ya risasi katika kiwanda cha chapa, zama ambazo neno lilikuwa na uzito na likikuangukia mguuni unalisikia. Herufi zilipokosa kazi, nami nikakosa. Nikawa napita kwa shemeji asubuhi, nakaa kwenye kigoda karibu na dirisha, nasoma chochote kilicholetwa kutengenezwa. Elimu niliyo nayo yote nimeipata kwenye vitabu vilivyochanika, ndiyo maana ina kurasa zinazokosekana.

Kazi yake ilikuwa na mpango usiobadilika. Kitabu kikifika kimelegea, alikivua jalada, akazipanga kurasa, akazishona kwa uzi uliopitishwa kwenye nta, akapaka gundi mgongoni, akakibana usiku kucha. Asubuhi alikinyoa. Kunyoa ndiko kulikuwa kujivuna kwake: kitabu kinawekwa chini ya kisu, mkono unashushwa mara moja bila kusita, kingo zote zilizochanika na kuchafuka zinaanguka, na kitabu kinatoka na uso wa bwana harusi. Vile vipande vyembamba vilivyoanguka aliviita nywele, na kulikuwa na sheria juu yake. Fundi aliyemfundisha alimwambia nywele za kitabu hazitupwi mpaka mwenye kichwa ajitazame kwenye kioo. Yaani, mpaka mwenye kitabu akichukue, akifungue, aridhike. Kwa hiyo pembeni mwa mlango palikuwa daima na gunia la nywele, na kila mwalimu mkuu mpya aliagiza litupwe, na kila mmoja alijibiwa, "Sawa, mwalimu," na gunia likabaki.

Muhula mmoja vililetwa vitabu vipya arobaini, vyote vya namna moja, pamoja na vishikwambi vitano, zile simu pana ambazo mtu hawezi kuziweka sikioni bila kuchekwa. Palisomwa hotuba. Vitabu hivyo, tuliambiwa, ni vya uhalisia ulioongezwa, na vitawafundisha watoto fikra za kikompyuta. Mimi nilikuwa nimeishi miaka sabini na mitatu nikidhani uhalisia tulio nao unatosha, tena unazidi.

Mwalimu wa kompyuta, kijana mwema ambaye wanafunzi walimwita Betri kwa sababu hakuwa na wasiwasi mwingine duniani, alikuja kumwonyesha Bi Gundi. Alifungua ukurasa wenye picha ya bwawa, akashika kishikwambi juu yake, na ndani ya kioo akatokea kifaranga wa manjano, amesimama juu ya karatasi kama aliyezaliwa hapo.

"Sasa mama, mtoto anamwamuru. Mbele hatua mbili, kulia, mbele hatua moja. Akikosea kupanga amri, kifaranga anatumbukia bwawani."

"Akitumbukia?"

"Anaanza upya."

"Halowi?"

"Halowi, mama."

"Basi hajafunzwa kitu," alisema Bi Gundi, akarudi kwenye uzi wake. Lakini nilimwona akimwangalia kifaranga kwa jicho la pembeni.

Vitabu vile vilikuwa na masomo kumi na sita, kila somo karatasi moja. Vilikuwa vimegundishwa mgongoni bila kushonwa, na mtoto akitaka kifaranga atokee sharti ukurasa ulale chali kabisa. Kitabu kilichogundishwa tu ukikilaza chali kinakufa. Wiki ya nne, vyote arobaini vilikuwa bunda la karatasi, na kingo zimeliwa kama zimepitiwa na panya. Uhalisia uliongezwa, lakini hakuna aliyeongeza uzi.

Hapo mwalimu mkuu alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, jambo ambalo hufanya mara moja kwa mwaka, na akaangalia chumba kwa namna ambayo shemeji hakuipenda. Alikipima kwa macho kutoka dirishani hadi mlangoni.

"Bi Gundi, Alhamisi ya wiki ijayo tuna wageni kutoka ofisi kuu ya elimu. Wanakuja kuvitazama hivi vitabu. Nivipate vimenyooka."

"Utavipata."

"Na hiki chumba kina kufuli nzuri," alisema, akaenda zake.

Alivitengeneza vyote kwa siku nne. Alivishona kitabu kwa kitabu, na mimi nilikuwepo aliposhika cha kwanza kukinyoa. Kwenye ukingo wa nje wa kila karatasi palikuwa na kijialama, mraba mweusi wenye vyumba vyeusi na vyeupe ndani yake kama kipande cha ubao wa dama. Alinionyesha.

"Shemeji, hawa wapiga chapa wa siku hizi hata kukata hawajui. Wameacha alama zao."

Nikatazama, nikacheka naye. Katika kiwanda chetu kila karatasi ilitoka na alama pembeni, za kumwonyesha mkataji pa kupita na za kuhakikisha rangi imekaa juu ya rangi. Alama ikionekana kwenye kitabu kilichomalizika ilikuwa aibu, sawa na fundi cherehani kukuacha utoke na pini kwenye suruali. Ningekuwa mimi na kisu, ningekata. Yeye akakata. Vitabu arobaini, mkono ukishuka bila kusita, na nywele zote zikaingia guniani. Vilitoka vizuri kuliko vilivyoletwa. Jumatatu alivikabidhi vikiwa vimefungwa kumi kumi kwa kamba.

Jumanne kabla ya saa nne, Betri alisimama mlangoni akiwa amekumbatia kitabu kimoja kifuani, na kishikwambi mkononi. Nyuma yake alikuwa mwalimu mkuu.

"Mama," alisema Betri polepole, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, "kulikuwa na kijialama hapa pembeni."

"Kilikuwepo. Nimekitoa."

"Umekitoa."

"Alama za mpiga chapa hazikai kwenye kitabu, mwanangu. Umeona kitabu gani kinatembea na alama?"

"Hizo alama," alisema mwalimu mkuu, "ndizo kitabu."

Betri akaeleza. Kishikwambi hakisomi bwawa wala miti. Kinasoma ule mraba tu, ndiyo kinajua ni somo la ngapi na kimtoe nani. Bila mraba, kitabu ni picha ya bwawa.

Shemeji aliweka sindano chini. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona akiiweka chini kabla uzi haujaisha.

"Wageni ni keshokutwa," alisema mwalimu mkuu. "Kuna walimu wameshaanza kusema umefanya makusudi kwa sababu umesikia chumba chako kinatakiwa kwa vishikwambi. Mimi sisemi hivyo. Ila Alhamisi wakivikuta vitabu ni bubu, utatoka hapa na gundi yako siku hiyohiyo. Vikisema, hakuna atakayekigusa chumba chako mpaka ustaafu. Mwalimu wa kompyuta ni shahidi."

"Na shemeji pia," alisema Bi Gundi.

Mwalimu mkuu alinitazama kama mtu anayegundua kwamba kabati lina masikio. "Na yeye."

Alipoondoka, Betri alikaa juu ya meza na kushika kichwa. "Nimeua kazi yangu na yako, mama. Ningekwambia tu. Sikujua kwamba mtu anaweza kukata."

"Nami sikujua kwamba mtu anaweza kutokata," alisema shemeji. "Simama, umekalia nta."

Kisha akaenda kwenye gunia, akalifungua mdomo, akamwita atazame. Nywele zote za ukingo wa nje zilikuwamo, mia sita na arobaini, zimesokotana kama tambi, kila moja na mraba wake. Mwenye kichwa alikuwa hajajitazama kwenye kioo, kwa hiyo hazikutupwa.

Betri alichomoa moja, akailaza mezani, akashika kishikwambi juu. Kifaranga akatokea, amesimama juu ya vumbi la karatasi, hana bwawa, anageuza shingo huku na huku kama aliyehamishwa bila barua. Kijana wa watu karibu alie.

"Basi ni rahisi," alisema. "Tunazipima moja moja. Kila moja kishikwambi kitatuambia ni ya somo gani, tunaibandika mahali pake. Mia sita na arobaini. Ila betri…" Akaanza kuhesabu kwa vidole, na kadiri alivyohesabu ndivyo mabega yalivyoshuka.

"Vitabu vyote ni sawa?" aliuliza shemeji.

"Sawasawa."

"Kwa hiyo alama ya bwawa kwenye kitabu hiki ndiyo ileile kwenye kile."

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini umuulize mtu swali moja mara arobaini? Atakuona mjinga. Tuzitenge kwanza kwa macho. Zikishakaa na ndugu zao, utakiuliza hicho kioo chako mara kumi na sita tu, kikalale."

Akachukua vipande vitatu vinne, akavitazama kwa karibu, akaona kile ambacho mimi pia nilikiona, maana kutofautisha vipande vidogo ndiyo kazi iliyotulisha. Ile miraba yote ilifanana katikati, na nukta moja pale ilionyesha upande wa juu. Ilitofautiana kwenye pembe nne tu, kila pembe ama nyeusi ama nyeupe.

Jumatano asubuhi aliomba wanafunzi wa darasa la sita waje ukumbini. Betri alikuwa ameshawaambia, wakaja kwa kelele ya watu waliookolewa kwenye hesabu. Bi Gundi alikuwa amechora kwa chaki sakafuni, kuanzia mlango wa chumba chake hadi chini ya ngazi: duara moja, mbele yake mawili, mbele yake manne, mbele yake manane. Mwisho kabisa alipanga vifuniko kumi na sita vya maboksi ya chaki.

"Nani anajua kutofautisha nyeusi na nyeupe?"

Wote wakanyoosha mikono.

"Nyote mmeajiriwa. Wewe mrefu, simama duara la kwanza. Kazi yako ni pembe ya juu kulia, hiyo tu. Nyeusi, mpe huyu. Nyeupe, mpe yule. Usifikiri zaidi ya hapo, utachelewesha watu."

"Bibi, na mimi?"

"Nyinyi wawili, pembe ya juu kushoto. Wanne hawa, ya chini kulia. Wanane wa mwisho, ya chini kushoto, halafu kila mmoja ana vifuniko vyake viwili. Wengine mtalisha gunia na mtahesabu. Kipande kinakwenda mbele, hakirudi nyuma. Ukikosea useme, hakuna fimbo hapa, mimi si mwalimu."

Wakaanza kwa kugongana. Baada ya robo saa hawakugongana tena. Nimeona mashine nyingi za chapa, na nakiri sikuwahi kuona iliyokwenda kwa ulaini ule: kipande kinaingia kwa yule mrefu, kinapita mikono minne, kinatua kwenye kifuniko chake, na nyuma yake kimeshaingia kingine. Waliimba "nyeusi, nyeupe" mpaka ikawa wimbo. Betri alitembea pembeni na kishikwambi kwapani, kimezimwa.

Walipomaliza, wahesabuji walileta habari. Kila kifuniko arobaini, isipokuwa kimoja chenye arobaini na moja na kingine chenye thelathini na tisa.

"Kifaranga mmoja amehama nyumba," alisema Bi Gundi. "Hivyo vifuniko viwili ni vya nani?"

Vilikuwa vya mtu mmoja, msichana mwenye plasta gotini, duara la mwisho.

"Ni mimi, bibi. Nilikuwa najikuna pua."

"Basi hatuna haja ya kuwasumbua wengine kumi na wanne. Tafuta kwenye kile cha arobaini na moja tu."

Alikipata kabla hatujakaa.

Sasa, wageni walitakiwa Alhamisi. Lakini gari lilipatikana Jumatano, na mwenye gari hajui Alhamisi. Walikuwa wamesimama chini ya ngazi kwa muda, watatu, pamoja na mwalimu mkuu aliyekuwa na rangi ya karatasi ya kupangusia. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alimwinamia msichana wa plasta.

"Mnafanya nini, mwanangu?"

"Tunatenganisha nywele."

Yule mama aliitazama michoro ya chaki, kutoka moja hadi mbili hadi nne hadi nane, akavaa miwani.

"Hizi ndizo fikra za kikompyuta," alisema taratibu. "Mwalimu mkuu, hili ni somo la ngapi katika kitabu?"

Mwalimu mkuu ni mtu wa maamuzi. "La kumi na saba," alisema.

Betri akakohoa.

"Nilidhani yako kumi na sita," alisema mama wa miwani.

"Hili ni la nyongeza. Uhalisia wao walikuwa wameuongeza, nasi tukauongeza kidogo."

Wakaandika. Walipiga picha michoro, vifuniko na watoto. Hawakuomba kumwona kifaranga. Mmoja wao alimwona shemeji akiokota vipande vilivyoanguka, akauliza, "Na huyu bibi?"

"Huyo ni wa gundi," alisema mwalimu mkuu.

Walipoondoka, Betri alikiuliza kioo chake mara kumi na sita, na shemeji alitumia siku kumi na moja kuzirudisha nywele vichwani, kila kipande kwa ukanda mwembamba wa karatasi kavu nyuma yake. Vifaranga wakatembea, wakatumbukia, hawakulowa. Mwalimu mkuu alipita mlangoni akasema, "Chumba ni chako," na shemeji akanunua nta mpya.

Ripoti ilisomwa mbele ya shule nzima. Ilisifu ubunifu wa shule, ilimsifu mwalimu wa kompyuta ambaye aliinamisha kichwa, na ilipendekeza Somo la Kumi na Saba lifundishwe kila mahali. Muhula uliofuata somo lilifika. Lilikuja ndani ya maboksi: vipande vya plastiki vilivyokatwa tayari, zulia lenye maduara yaliyochapwa tayari, na kishikwambi ambacho mtoto akishika kipande kinamwambia ni nyeusi au nyeupe, asije akapata taabu ya kutazama. Palikuwa na semina ya siku mbili kwa wafanyakazi wote, hata wa bustani. Bi Gundi alikaa nyuma na kufundishwa kutenga vipande. Alipewa cheti. Alikigeuza kutazama kingo zake, akaniambia, "Hiki angalau wamekikata vizuri."

Shule yetu, kwa heshima ya kuwa chimbuko, ilipewa maboksi ya shule zote za jirani iyatunze. Yalihitaji chumba chenye kufuli nzuri.

Mwalimu mkuu alikuwa ametoa ahadi mbele ya mashahidi wawili, na hakuivunja. Hakuna aliyekigusa chumba. Walikijaza tu. Wiki ya kwanza maboksi yalikaa chini ya meza, ya pili juu ya meza, ya tatu yalipanda juu ya kibanio hadi dari. Kigoda changu kilitoka kimya kimya. Siku boksi lilipokaa kwenye kiti chake, shemeji alilitazama kidogo, akachukua sindano zake tatu na mfupa wake wa kukunjia karatasi, akaaga choo cha walimu kwa kuwa ndicho kilichokuwa wazi, akarudi nyumbani. Alikuwa amebakiza miezi kumi na minne kustaafu. Kwenye orodha, naambiwa, bado yupo chini ya michezo.

Kibanio kipo, maana hakiwezi kutoka. Nakiona kupitia dirishani nikipita, kimebeba maboksi kama mzee aliyepewa watoto wa watu awashikilie.

Plastiki haichaniki, lakini boksi ni karatasi, na karatasi ina tabia zake. Baada ya miezi miwili pembe zilianza kufunguka, vipande vikawa vinamwagika ukumbini, na masomo ya shule nane yakachanganyikana. Mchana mmoja Betri alikuja nyumbani kwa shemeji, akakataa kiti, akasimama na kofia mkononi.

"Mama, shikamoo. Mwalimu mkuu ananituma. Anauliza kama gundi bado unayo."

"Marahaba. Ninayo."

"Ni maboksi. Pembe zimefunguka, na vifuniko vinahitaji kunyolewa kidogo vikae sawa. Hata kesho, ukiweza. Nitakuondolea boksi kwenye kiti mwenyewe."

Shemeji alikuwa anamenya maharage. Alimaliza ganda aliloshika, akalitia kwenye bakuli la maganda, ambalo pia halitupi mpaka chakula kiive.

"Nitakuja," alisema. "Lakini mwambie safari hii aanze kuniandikia, kwa mkono wake, kila kitu ambacho nisikikate. Akimaliza kuandika, ndiyo nitavaa viatu."

Betri akatoa kalamu, akauliza kama kuna karatasi ya kuandikia ujumbe huo. Ilikuwa mwezi wa sita. Tumeingia wa tisa, na orodha ya mwalimu mkuu bado inaandikwa.